Faradhi ya Wengi, Nafasi ya Mmoja

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vya uuguzi yakisha kutangazwa, na barua ya kukubaliwa ikisha kusomwa mbele ya baba na mama, shangazi na majirani, nyumba huingia katika maandalizi ambayo kwa sehemu kubwa ni shughuli ya kununua na kukusanya: sare na viatu, shuka na ndoo, cheti cha kuzaliwa na nakala zake, fomu ya daktari ya uchunguzi wa afya, na nauli ya kumfikisha kijana chuoni kabla juma la kuwapokea wanafunzi wapya halijaanza. Sina neno juu ya shughuli hiyo, na baadhi ya vitu hivyo nitavitaja huko mbele. Lakini liko swali moja ambalo halimo katika fomu yoyote, nami naona lastahili kuulizwa katika majuma yale machache yaliyo baina ya barua na safari: je, mtu aliyepokea nafasi hiyo amejitwika dhima ya namna gani mbele ya Mola wake na mbele ya wagonjwa ambao bado hajawaona, na dhima hiyo huanza lini? Huanza siku atakapohitimu na kula kiapo, au siku atakapovaa sare kwa mara ya kwanza, au imekwisha kuanza tangu siku ile alipotamka kwa ulimi wake kwamba amekubali?

Fukaha wametufundisha kwamba faradhi ni za namna mbili. Iko faradhi ya aini, ambayo kila mmoja huitekeleza kwa nafsi yake, kama sala tano, wala hapana awezaye kuswali kwa niaba ya ndugu yake. Na iko faradhi ya kifaya, ambayo umma mzima wadaiwa kwa pamoja, wakisimama baadhi yao wa kutosha deni huwatoka wote, na wasiposimama, wote huwa wameasi. Watu wa mwambao wetu huijua hii ya pili kwa mfano wa maiti: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Lisilosemwa sana barazani ni kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha Ihya Ulum al-Din aliiweka elimu ya tiba katika jumla ya faradhi hizo za kifaya, kwa hoja kwamba miili ya wanadamu haiwezi kudumu na siha pasipo wenye kuijua. Kisha akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fikihi, elimu iliyokwisha kupata watu wa kutosha na kuzidi, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu wa Kiislamu hata mmoja.

Lawama ile ingali hai, na sidhani kwamba inatuhusu kidogo. Afapo mtu katika mji wa pwani, maduka hufungwa, wavuvi huacha nyavu, watu wasiomjua marehemu hulikimbilia jeneza walishike japo kwa hatua chache wapate thawabu, na kaburi hufukiwa kwa mikono mingi hata majembe hayatoshi. Hayo ni mema, na Mungu atujaalie tusiyaache. Lakini marehemu yuyo huyo, juma lililotangulia, huenda alikuwa amelala wodini hawezi kujigeuza, na ilimpasa kugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili ili nyama ya mgongo na nyonga isioze kwa vidonda vya kulalia, na muuguzi aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa mmoja kwa vitanda vingi kupita uwezo wa mikono yake. Twaisimamia faradhi ya maiti kwa wingi, na faradhi ya aliye hai twaiacha mikononi mwa wachache waliochoka. Kama faradhi ya kifaya humtoka kila mtu pale tu wanaposimama watu wa kutosha, basi mji ambao wauguzi wake hawatoshi ni mji wenye deni, hata kama misikiti yake imejaa.

Sasa turudi kwa kijana wetu na barua yake. Wanazuoni wasema kwamba faradhi ya kifaya huweza kugeuka ikawa ya aini juu ya mtu mahsusi: kwa mfano, asipokuwako mwingine awezaye kuitekeleza isipokuwa yeye, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku mwambao, aliyekwisha kuingia katika sala ya maiti haruhusiwi kuikata, ijapokuwa kabla ya kuhirimia alikuwa na hiari ya kuwaachia wengine. Mimi si mufti wala sitoi fatwa. Natoa hoja tu kwa njia ya kiasi, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Nafasi za chuo cha uuguzi ni za kuhesabiwa, maana haziwezi kuzidi walimu waliopo, wala vitanda vya hospitali ambavyo wanafunzi watajifunzia kando yake. Kwa hiyo nafasi aliyoichukua mmoja imemfungia mlango mwingine aliyeiomba, na pengine aliyeiomba kwa machozi. Aliyeikubali, basi, amekwisha kuhirimia. Deni lililokuwa la watu wote, sehemu yake sasa imepata mwenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba dhima haingoji kiapo wala sare, na siku za kujiandaa ni siku za amali kamili, zenye hesabu yake.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema kwamba wengi huingia katika uuguzi kwa kutafuta ajira, kwamba alama za mtihani ndizo zilizomsukuma huko kijana aliyetaka jambo jingine, na kwamba mtu wa namna hiyo hana ikhlasi, basi faradhi gani atakayoitimiza? Hoja hii husemwa sana na wale wasiopata kulipa ada ya mtoto kwa kuuza minazi. Ujira haubatilishi nia. Mwalimu wa Kurani hupokea ujira, mwosha maiti hupewa chochote, na mama atamkaye dua juu ya kichwa cha mwanawe asafiripo humwombea riziki katika dua ile ile anayomwombea imani. Nia iharibuyo amali ni ile inayomtumia mgonjwa kama ngazi, ikamwona kuwa ni kero isimamayo baina ya mtumishi na mshahara wake. Ama nia ya kula kwa jasho huku kazi ikifanywa kwa insafu, hiyo ni halali, na nyumba nyingi za watu wema zimesimama juu yake. Fauka ya hayo, nia si jiwe lililokwisha kuchongwa. Aliyeingia kwa sababu ya mkate aweza kuamka siku moja akajikuta anaifanya kazi kwa ajili ya Mungu, wala asijue ni zamu ipi iliyombadilisha.

Kwa upande wa pili wako wanaoingia wakiwa wamejaa huruma, na hao nao nina neno nao, kwa kuwa huruma peke yake haikupata kumponya mtu. Katika vita vya Krimea, mwezi Novemba mwaka 1854, Florence Nightingale aliwasili na wanawake 38 katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul, na hapana anayeweza kuwatuhumu kwa upungufu wa nia; waliziacha nyumba zao, wakalala penye panya, wakakesha na majeruhi. Hata hivyo kipupwe kile askari walizidi kufa, na waliouawa na kipindupindu, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi, hata ilipofika tume ya usafi mwezi Machi mwaka 1855, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo lile, ikaondoa mizoga, ikapitisha hewa, na vifo vikapungua upesi. Bibi yule alikuja kuyapima mambo hayo kwa hesabu za takwimu baada ya vita, akayafahamu, na mwaka 1860 shule iliyoitwa kwa jina lake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas's mjini London. Shule ya uuguzi, kwa hiyo, ni ungamo la wanadamu kwamba machozi kando ya kitanda hayazibui mfereji. Kijana mwenye moyo laini na aende chuoni akilijua hilo, asije akaona kwamba somo la viini vya maradhi na kanuni za kunawa mikono vinampotezea wakati wa kuhudumu, kwani huko ndiko kuhudumu kwenyewe.

Na yule asemaye kwamba hana moyo huo, kwamba akiona damu magoti humlegea na akinusa kidonda hutapika, afanyeje na barua imekwisha kuja? Hapa namrudia Ghazali, maana katika maneno yake juu ya kuilea nafsi ameeleza kwamba tabia huzaliwa na vitendo: atakaye kuwa mwandishi wa hati nzuri huanza kwa kujilazimisha kuiga mkono wa mwandishi hodari, siku nyingi, kwa taabu, hata ile iliyokuwa taabu ikageuka maumbile yake, na hati nzuri ikamtoka bila kujilazimisha. Upole nao una njia hiyo. Anayemwosha mgonjwa asiyejiweza, akapasha maji moto kwanza, akavuta pazia, akamfunika sehemu asiyoiosha, akamwambia kila alitendalo kabla hajalitenda, hata kama moyoni siku hiyo hana chochote ila kichefuchefu, amekwisha kumpa mgonjwa upole kamili. Na moyo wake, ukiongozwa na mikono namna hiyo kila siku, aghalabu haukosi kufuata. Sikubaliani na wanaosema kwamba muuguzi huzaliwa. Kauli hiyo huwavunja moyo wazuri, na huwapa wavivu udhuru.

Iko amali moja ndogo ambayo mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema, na ambayo naona ina somo la ikhlasi ndani yake. Katika kupima dalili za uhai, yaani joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi, hesabu ya pumzi haifanywi kwa kutangazwa. Muuguzi humshika mgonjwa kifundo cha mkono kama kwamba angali akihesabu mapigo, kisha kimyakimya hutazama kifua kikipanda na kushuka kwa muda wa dakika moja, ambapo mtu mzima mwenye afya huvuta pumzi baina ya 12 na 20. Sababu yake ni kwamba mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha bila kukusudia. Na muuguzi mwenyewe je? Saa nane za usiku, wodi imelala, msimamizi hayupo, na karatasi yangoja kuandikwa tarakimu ambazo ni rahisi mno kuzibuni kwa kutazama zile za jioni. Riya, ambayo wanazuoni wameiita shirki ndogo, ni kutenda jema kwa ajili ya macho ya watu. Na hapo pasipo na macho ya mtu ndipo ijulikanapo pumzi ya kweli ya muuguzi. Tarakimu iliyobuniwa ni ushahidi wa uwongo, na anayeshuhudiwa uwongo ni mtu aliyelala.

Basi saa yenye mshale wa sekunde, ambayo fomu za vyuo hudai, isinunuliwe kama pambo. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B nayo ianzwe mapema, kwa kuwa dozi zake ni tatu na kwa kawaida huenea miezi sita, na mwili wa mtumishi ni amana kama ulivyo mwili wa anayetumikiwa; haifai kuutupa kwa jina la kujitolea. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, maana sindano huanguka. Kuhusu damu na uchafu, na hofu ya wazazi kwamba binti yao atashindwa kuswali, najisi huoshwa kwa maji, na mwenye udhuru ana hukumu zake zilizo wazi vitabuni. Ama kuhusu kutazama mwili wa mgonjwa, maulamaa wameruhusu kwa haja ya tiba, kwa kadiri ya haja hiyo. Na wazee wanaosita kuwapeleka mabinti wakumbushwe kwamba Saad bin Muadh, alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki mwaka 627, alipelekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyewauguza majeruhi pale Madina, wala Mtume hakuliona hilo kuwa aibu.

Lakini liko andalio moja ambalo halihitaji fedha na ambalo ni zito kuliko sanduku zima. Katika siku za kwanza chuoni mwanafunzi ataambiwa kwamba siri ya mgonjwa haitolewi, na ataitikia kwa urahisi pamoja na wenzake. Wodini atamkuta jirani, na mwalimu wake wa zamani, na mke wa mtu anayemjua, na maradhi ambayo mtaa mzima ungependa kuyasikia. Ulimi uliozoea kusengenya miaka kumi na minane haufungwi kwa hotuba ya asubuhi moja. Aanze sasa, hapa nyumbani, ambapo habari za watu hupita mlangoni kila jioni: asikie jambo na lifie kwake. Kusitiri ni kazi ya uuguzi inayoweza kutendwa kabla ya kujua hata jina la dawa moja.

Nawe kijana uliyekubaliwa, ambaye ukijihoji kwa insafu waona hukusudii kabisa kwenda, au waenda kupoteza mwaka ukingojea jambo jingine, usiishike nafasi hiyo kwa sababu tu jina lako limependeza ukutani. Kiarifu chuo leo, kabla masomo hayajaanza, ili aitwe yule anayengoja. Na kama umeazimia, basi nenda, ukaripoti siku ya kwanza na mapema, wala usichelewe.