Hodi Katika Nyumba ya Pili

Somo: Ezra 3:8-13



Somo letu latupeleka Yerusalemu, siku ulipowekwa msingi wa Hekalu la pili. Makuhani wamevaa mavazi yao, tarumbeta zinalia, vijana waliozaliwa uhamishoni wanashangilia. Lakini katikati ya shangwe hiyo wako wazee wanaolia. Hao walikuwa wameiona nyumba ya kwanza, ile ya Sulemani, kabla haijateketezwa, na macho yao hayakuweza kuitazama mpya bila kuikumbuka ya kale. Mwandishi atuambia kwamba vilio na vigelegele vilichanganyika hata watu wasiweze kuvitenga. Angalieni kwamba hawakemei wazee wale, wala vijana hawaiti wapumbavu.

Nataka leo tulitazame jambo hilohilo mahali msipopatarajia, yaani katika michezo ya video ambayo vijana wetu huicheza. Najua wako watakaosema kwamba mambo hayo hayafai gazeti la parokia. Nawaomba mnivumilie kidogo, maana nadhani yamo mafundisho humo ambayo sisi wenye umri twayahitaji kuliko hao vijana.

Mwaka 2005 kampuni ya Double Fine ya San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa na Bwana Tim Schafer, ilitoa mchezo uitwao Psychonauts. Microsoft walikuwa wamekubali kuutoa, kisha wakauacha njiani, nao Majesco wakauokota. Wahakiki waliusifu, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Hata hivyo hao wachache walioupata waliushika kwa mapenzi ya ajabu. Miaka ikapita, wakawapa rafiki zao, na rafiki wakawapa wengine. Basi Desemba 2015 Schafer alipotangaza kwamba anataka kutengeneza wa pili, wapenzi wenyewe walitoa fedha zao, wengine kama mchango na wengine kama mtaji, hata mwezi uliofuata zikawa zimepita dola milioni 3.8. Mwaka 2019 Microsoft, walewale waliouacha ule wa kwanza, waliinunua kampuni yote. Mchezo wa pili ulitoka Agosti 2021. Hesabuni wenyewe: miaka 16 ya kungoja.

Ndipo yakaanza ya Ezra. Wengine walishangilia, na wengine walisema, "Ndiyo, ni mzuri, lakini si kama ule wetu."

Habari yenyewe ni hii. Yuko mvulana wa miaka kumi, jina lake Razputin, nao humwita Raz. Amezaliwa katika jamaa ya wanasarakasi, naye ametoroka kwenda kambi ya watoto wenye nguvu za ajabu za akili. Kazi anayojifunza ni kuingia ndani ya akili ya mtu. Anacho kimlango kidogo. Hukibandika kwenye paji la uso wa mtu, kimlango kikafunguka, naye akaingia. Mle ndani kila mtu ni nchi yake. Katika mchezo wa kwanza mlinzi mmoja wa hospitali ya wagonjwa wa akili, Boyd, ana mitaa iliyopindana hewani, na ndani yake wapelelezi waliovaa makoti wanajifanya mafundi wa barabara, kila mmoja akieleza kwa sauti kavu jinsi anavyotengeneza barabara ambayo haitengenezi. Hofu ya mtu anayedhani kila jirani anampeleleza imechorwa pale kwa namna ya kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Wapenzi wa mchezo wa kwanza husema kwamba katika wa pili hakuna kitu kinachofikia mtaa ule, na mimi nakubaliana nao.

Katika michezo yote miwili kuna pia mizigo inayolia. Naam, masanduku na mikoba imekaa pembeni ikitokwa na machozi, na Raz hana budi kutafuta kadi ya kila mmoja na kuirudisha ili unyamaze. Sikuwahi kuona mahubiri ya Mathayo sura ya 11 yaliyo mafupi kuliko hayo.

Lakini turudi kwenye kimlango. Sisi watu wa nchi hizi tunajua kwamba mlango una adabu yake. Mtu hupiga hodi, akangoja, akaambiwa karibu, ndipo akaingia. Akinyamaziwa mara tatu, huondoka. Sasa katika mchezo wa kwanza Raz hajali sana hodi. Anapofika katika hospitali ile anaingia akilini mwa wagonjwa mmoja baada ya mwingine: mchoraji aliyevunjika moyo, mwigizaji wa kike mwenye huzuni ya tangu utoto, na mtu anayeshindana na Napoleon ndani ya kichwa chake. Anawasaidia, hilo ni kweli, nao wanapata nafuu. Lakini anawasaidia kwa sababu wana vitu anavyovihitaji ili apate njia ya kupanda juu mnarani. Mchezaji hafikirii jambo hilo, kwa kuwa anacheka na kukimbia.

Mchezo wa pili unalifikiria. Kwanza, kabla hata ya kuanza, waandishi wanamwonya mchezaji kwamba atakutana na mambo ya maradhi ya akili. Kisha mapema kabisa Raz anafanya kosa. Mwalimu wake, Hollis Forsythe, hataki wanafunzi waende kwenye kazi ya hatari. Raz, kwa nia njema, anaingia akilini mwake na kuunganisha mawazo mawili ambayo hayakuwa yameunganika, ili abadili uamuzi wake. Kweli anabadilika, lakini anabadilika kuwa mcheza kamari asiyejizuia, anayeona hatari yoyote kuwa faida. Raz analazimika kurudi na kutengeneza alichoharibu. Baadaye Hollis anamfundisha kwamba kazi yao si kugeuza mawazo ya watu, wala si kuwatengeneza kama saa iliyoharibika. Ni kuwasaidia wapigane wenyewe na yale yanayowasumbua.

Hapo ndipo ubishi wa wapenzi unapopata maana. Wa kwanza una ukali na kichekesho cha mtoto mtundu anayevamia nyumba za watu. Wa pili una upole wa mtu aliyejifunza kupiga hodi. Anayesema wa pili umepoteza ukali fulani hasemi uongo. Tena wa kwanza una sehemu ya mwisho, sarakasi ya nyama, ambayo ni ngumu kiasi cha kuwatoa wachezaji machozi ya hasira, na bado wako wanaoikumbuka kwa fahari, kama wazee wanavyokumbuka fimbo za shuleni! Mwanadamu hukumbuka kwa namna hiyo. Sisi nasi tunapolinganisha kitabu cha sala cha kale na kipya, mara nyingi tunachokililia ni umri wetu wa siku zile.

Hata hivyo kwa jambo la hodi nasema bila kusita kwamba wa pili umeupita wa kwanza. Nawauliza ninyi mnaotembelea wagonjwa na wafiwa: ni mara ngapi tumeingia moyoni mwa mtu na kiatu miguuni? Mjane bado hajafuta machozi, tumekwisha kumweleza kwa nini Mungu amemchukua mumewe. Kijana ametulia pembeni, nasi tumekwisha kumpa jina la ugonjwa wake, au la pepo wake, mbele ya watu. Nia ni njema, kama ya Raz. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Ufunuo sura ya 3, ambaye angeweza kuvunja kila kufuli, anasimama nje na kubisha.

Katika mchezo wa pili yuko pia mzee Bob, mtaalamu wa mimea, ambaye baada ya kumpoteza aliyempenda amezama katika ulevi. Akili yake ni bahari, na kumbukumbu zake zimo ndani ya chupa. Raz hawezi kumwondolea chupa hizo kwa amri. Anazifungua pamoja naye, moja moja. Wenye ndugu mlevi nyumbani mtaelewa kwa nini sehemu hiyo imewagusa wengi.

Lililo zito kuliko yote limewekwa karibu na mwisho. Raz ana bibi yake, Nona, kikongwe mpole. Inagunduliwa kwamba huyo ndiye Maligula, mwanamke ambaye zamani aliwazamisha watu wengi kwa gharika. Rafiki yake wa zamani, Ford Cruller, hakuweza kumwua wala kumwacha, basi aliifungia ile nafsi ya kutisha ndani yake na kumpa kumbukumbu za uongo, naye akaishi miaka mingi akidhani kwamba yeye ni mtu mwingine. Na jamaa nzima wakalelewa katika hofu ya maji bila kujua hofu hiyo imetoka wapi. Ford alifanya hivyo kwa upendo, nami siwezi kumhukumu kwa wepesi. Lakini aliingia bila hodi, akahamisha vyombo vya nyumba ya mtu, na watoto na wajukuu wakalipa.

Ukweli unapofunuliwa, Raz anaingia akilini mwa bibi yake kupambana na Maligula. Na jamaa wanapokwisha kujua yote, hawamkatai yule kikongwe. Wanamwita Nona kama walivyomwita jana.