Kudumu katika kazi: ni fadhila au ni ukaidi?

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo wazee wetu walilijibu kwa namna mbili. Walisema: Mvumilivu hula mbivu. Lakini walisema pia: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ya kwanza yamsifu mtu asiyechoka. Ya pili yamwonya mtu asiyesikia. Sasa mtu mmoja aweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja: hachoki, wala hasikii. Je, tumsifu au tumwonye? Nataka tulitazame jambo hili kwa mfano wa kazi moja ambayo vijana wetu wa leo waitamani sana, nayo ni kazi ya mwandishi anayetaka hadithi yake igeuke kuwa filamu.

Kwanza tuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Msimulizi wa jioni hahitaji kitu ila ulimi wake na watu wa kumsikiliza. Mwandishi wa kitabu ahitaji daftari, kalamu, taa na usiku mwingi. Lakini filamu haitoki katika mikono ya mtu mmoja. Yataka wachezaji, mpiga picha, mtu wa kunasa sauti, gari, chakula cha watu wote hao, ruhusa ya wakubwa, na mwisho mtu wa kukata picha na kuziunganisha. Mwandishi asiye na kampuni wala serikali nyuma yake hana budi kuwaomba watu wengi waamini kitu ambacho bado hakipo. Ndiyo maana hadithi nyingi hufia daftarini.

Huku kwetu Kivu tunao mfano wa karibu. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Siku zile za utoto wake, filamu walizotengenezewa watu wa Kongo zilikuwa kazi ya Wazungu: serikali ya Wabelgiji ilikuwa na zake, na mapadri wa misioni walikuwa na zao, huko Luluabourg na hapo Bukavu pia. Nyingine zilikuwa za kufundisha, nyingine za kuchekesha. Mkongo alikuwa mchezaji au mtazamaji. Mwenye kuamua hadithi hakuwa yeye. Ngangura alikwenda Ubelgiji kujifunza kazi ya sinema, kisha akarudi akafundisha Kinshasa. Akaanza na filamu za mambo ya kweli: mwaka 1980 juu ya mchoraji Chéri Samba, na mwaka 1982 Kin Kiesse, juu ya maisha ya mji wa Kinshasa. Ndipo mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, akatoa La Vie est belle, hadithi ya mwanamuziki maskini anayetoka kijijini kwenda kutafuta bahati yake Kinshasa. Papa Wemba ndiye aliyemwigiza mwanamuziki huyo.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo njia ilikuwa nyeupe. Sivyo. Mwaka 1994 alitoa filamu ya mambo ya kweli juu ya safari ya kurudi Ngweshe, katika nchi ya Washi. Lakini filamu yake ndefu ya hadithi iliyofuata, Pièces d'identités, ilitoka mwaka 1998. Hesabu mwenyewe: miaka 11. Hadithi yenyewe ni ya mfalme mzee, Mani Kongo, anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake Mwana, aliyepelekwa huko akiwa mtoto ili asome. Mfalme avaa alama zake za ufalme katika mji ambao hakuna ajuaye maana yake. Mwaka 1999, katika sikukuu ya sinema ya Afrika huko Ouagadougou, filamu hiyo ilipewa tuzo kubwa kuliko zote, Farasi wa Yennenga.

Basi, kumsifu mtu baada ya tuzo si kazi ngumu. Hata majirani waliomcheka humsifu siku hiyo. Swali letu liko katika mwaka wa tano au wa nane, wakati hakuna tuzo, hakuna feza, na kila barua yarudi na neno la hapana. Katika mwaka wa nane mtu mwenye saburi na mtu mkaidi hufanana kama mapacha. Wote wawili wanasema: Sitaacha. Tutawatambuaje?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliweka kudumu katika jema chini ya fadhila ya nguvu. Akaonyesha kwamba fadhila hii ina maadui wawili, mmoja kila upande. Upande mmoja ni ulegevu: mtu aacha jambo jema kwa sababu ya taabu kidogo. Upande wa pili ni ukaidi: mtu ashikilia wazo lake kupita inavyofaa, kwa kuwa ni lake na anataka aonekane. Kwa hiyo si kweli kwamba kadiri mtu anavyoshikilia ndivyo anavyokuwa mwema. Njia iko katikati, nayo yahitaji kutafutwa kwa akili. Mimi naona alama tatu zinazoweza kutusaidia.

Alama ya kwanza: je, mtu huyu apenda kitu chenyewe, au apenda njia yake tu? Mwenye saburi hashiki njia moja. Aweza kubadili njia kusudi afike. Tazama Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923. Alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akaandika kitabu chake cha kwanza mwaka 1956, na vingine vikafuata. Lakini akaona kwamba watu anaowaandikia, wengi wao hawajui kusoma. Angeweza kuwalaumu. Badala yake alikwenda Moscow kujifunza sinema, naye yu karibu na umri wa miaka 40, akakaa darasani na vijana. Mtu mkaidi hakubali kurudi shule. Mwaka 1966 akaigeuza hadithi yake mwenyewe kuwa filamu, La Noire de..., habari ya msichana wa Dakar aliyekuwa mtumishi wa nyumbani huko Ufaransa. Kisha akaona kwamba hata filamu ya Kifaransa haiwafikii wote, na mwaka 1968 akatoa Mandabi katika lugha ya Kiwolofu. Lugha ilibadilika, chombo kilibadilika. Watu aliotaka kusema nao walikuwa walewale.

Wakati mwingine kubadili njia ni kumwachia mtu mwingine. Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya yake Vuta N'kuvute mwaka 1999. Filamu yake ilitoka mwaka 2021, miaka 22 baadaye, nayo iliongozwa na kijana wa Tanzania, Amil Shivji. Ilionyeshwa Toronto, nchini Kanada, na wachezaji wake wasema Kiswahili. Hadithi ilivuka kutoka mkono hadi mkono, kama mtoto anayelelewa na shangazi, na haikufa.

Alama ya pili: je, ni nani anayelipa? Kijana mmoja wa hapa Mulongwe ameandika hadithi juu ya siku zile za Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ataka iwe filamu. Mama yake auza ndagala Kalundu. Siku moja aliniuliza: “Mwalimu, mama anayo akiba kidogo. Je, si haki nimwombe ninunue kamera? Ngangura alingoja miaka 11. Mimi nitangoja mpaka lini?” Nilimjibu: “Mdogo wangu, ukifunga wewe, hiyo ni sadaka. Ukimfungisha mama yako bila yeye kutaka, hiyo si sadaka tena.” Akanyamaza. Kisha akasema: “Na mama akitaka mwenyewe?” Hapo jibu si jepesi, kwa maana mama hawezi kumkatalia mtoto wake, neno lake la ndiyo halina uhuru kamili. Nilimshauri amwulize jambo moja tu: feza ile aliiweka kwa ajili ya nini? Alipouliza, akaambiwa ni ya kuezeka upya nyumba kabla ya mvua. Basi nyumba ikaezekwa.

Lakini anayelipa si mama peke yake. Hadithi ya mafuriko ina wafu ndani yake, na wafu wale wana jamaa zao, ambao tunakutana nao kisimani na sokoni. Je, mwandishi ana haki ya kuchukua kilio cha jirani akakifanya picha? Kijana alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Mama mmoja alikataa kabisa habari za mtoto wake zisitajwe, naye akazifuta. Mzee mwingine alisema: “Wangu umtaje, maana hakuna anayemtaja tena.” Mwenye saburi hukubali hapana ya namna hiyo, hata kama yampunguzia hadithi. Mkaidi husema: Sanaa ni sanaa, watazoea.

Alama ya tatu: je, kuna kitu asichokubali kukiuza? Kwa maana kubadili njia kuna mpaka wake. Mwaka 1977 filamu ya Sembène iitwayo Ceddo ilizuiliwa huko Senegal kwa miaka kadhaa. Sababu iliyotolewa na serikali ya Rais Senghor ilikuwa ya herufi: jina la filamu lilikuwa na d mbili, na serikali ilitaka moja. Sembène hakukubali kuiondoa. Mtu aweza kusema: Huo ndio ukaidi wenyewe! Kwa herufi moja tu, watu wake hawakuiona filamu waliyotengenezewa. Tena neno hilo lina uzito, kwa sababu waliolipa ni watazamaji. Lakini yafaa tuulize kwanza: je, herufi ndiyo iliyokuwa shida kweli? Filamu ile iligusa mambo makali, dini na utawala, na wengi waliona kwamba herufi ilikuwa kisingizio. Kama shida ni herufi, iondolewe, hakuna dhambi. Kama herufi ni kisingizio, kuiondoa hakufungui mlango. Kesho kitaletwa kisingizio kingine. Kabla ya kumwita mtu mkaidi, tujue kwanza yale anayoombwa ayaache ni yapi.

Kijana wetu naye alifikiwa na jaribu la namna hiyo. Mtu fulani alimwambia kwamba feza zingepatikana kama hadithi ingeonyesha watu wa Uvira wakilia na kunyosha mikono tu, wakingoja wageni. Lakini yeye alikuwa ameandika mambo aliyoyaona: majirani waliofungana kamba kuvuka maji, mama waliopika chungu kimoja kwa ajili ya familia tano. Alikataa. Katika jambo hili sikuwa na neno la kumpa, ila kumwambia kwamba amefanya vema. Kubadili chombo ni hekima. Kubadili ukweli ili upate chombo ni kujipoteza.

Najua msomaji mmoja ataniuliza: Katika nchi yenye njaa na vita, filamu ya nini? Si afadhali kijana ashike jembe au wavu? Swali ni la haki, na ashike jembe. Kazi ya mkono haimzuii mtu kuandika usiku. Lakini tusidhani kwamba hadithi ni mapambo tu. Mto ukitulia miaka michache, watu husahau ulipita wapi, nao hujenga palepale. Mtoto aliyezaliwa baada ya 2020 hajui maji yalifika ukuta gani. Nani atamwonyesha? Tena watu wasiojisimulia wenyewe husimuliwa na wengine, na watu wa mbali huwajua kwa picha moja tu, nayo ni picha ya msiba.

Linabaki neno moja gumu. Sembène alitamani kwa miaka mingi kutengeneza filamu kubwa juu ya Samori Touré, yule aliyepigana na Wafaransa katika Afrika ya Magharibi. Aliiandika, aliitafutia feza, akafa mwaka 2007 bila kuitengeneza. Je, miaka ile ilipotea? Kama thamani ya kudumu ni tuzo, ilipotea. Lakini sisi hatuhukumu hivyo katika mambo mengine. Mzazi anayemwuguza mtoto asiyepona hatusemi amepoteza usiku wake. Mtu adumu katika jema kwa sababu ni jema, naye apewa matunda kama ziada. Ndiyo sababu mwenye saburi aweza kufa na kazi mkononi bila uchungu, na mkaidi hawezi.

Basi, ewe mwandishi kijana, jiulize maswali haya matatu kila mwaka, si mara moja tu. Ukiona wapenda jina lako kuliko hadithi, pumzika kidogo. Ukiona wengine wanalipa bila kuulizwa, simama. Ukiambiwa uuze ukweli, kataa. Na kama majibu ni mema, endelea, hata kwa simu ndogo ya mkononi, hata kwa kunasa sauti peke yake. Na sisi majirani tusiwe wepesi wa kucheka. Tuna chumba cha kumwazima, tuna saa moja ya kumsikiliza, tuna neno la kumsahihisha kwa upendo. Kijana wetu wa Mulongwe hana filamu bado. Anazo sauti za watu walioruhusu kusimulia, alizozinasa jioni baada ya kazi, na mama yake hanyeshewi na mvua.