Mganga Hajigangi

Mchungaji au shehe akianguka dhambini, hapa Mkula hakosekani mtu wa kusema, "Ah, mganga hajigangi." Methali hutolewa kama utetezi, na hapo ndipo inapoonewa. Haikusema mganga asamehewe. Imesema tu kwamba anayeijua mizizi anaijua, hata akiwa mwenyewe hoi kitandani. Swali gumu ni la mgonjwa: aende kwake au asiende?

Wayahudi wamelijadili karne nyingi, kuhusu mwanafunzi na mwalimu mkosaji. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi wao, inasimulia kisa cha karne ya 2, huko Galilaya. Mwanachuoni Elisha ben Abuyah aliiasi dini, wenzake wakaliepuka hata jina lake, wakamwita "Mwingine". Mwanafunzi wake Rabi Meir hakumwacha. Sabato moja Elisha alipanda farasi, jambo lililokatazwa, Meir akimfuata kwa miguu apate kujifunza Torati. Ghafla mwasi akamwamuru arudi: alikuwa akihesabu hatua za farasi, na mpaka wa mwendo wa Sabato ulikuwa umefika pale. Sheria aliyoivunja yeye hakutaka mwanafunzi aivunje. Ikasemwa kuwa Meir alipata komamanga, akala tunda na kutupa ganda. Mkulima wa Mkula angesema alichukua mchele akaacha pumba.

Lakini Rabi Yohanan alifundisha kuwa mwalimu asiyefanana na malaika asitafutiwe elimu. Talmudi ikapatanisha: aliyekomaa ruhusa, mchanga hapana. Mwanasheria wa Kiyahudi Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika katazo tu. Mimi naikubali ruhusa ile, ila kwa sharti: dhambi isiwe imetendwa dhidi ya wanafunzi. Mwalimu anayewageuza watoto wa watu kuwa windo hana komamanga la kumenywa, apelekwe polisi.

Afrika Mashariki nasi tunaye mwalimu mwenye doa, Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyeliteka eneo la Bukedi, mashariki mwa Uganda, kwa bunduki akishirikiana na Waingereza. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya. Alifariki mwaka 1928. Waumini waliichukua Torati yake, vita vyake wakaviacha kaburini. Waliishika hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, na mwaka 2002 wapatao 400 walisimama mbele ya marabi kutoka Marekani na Israeli ili Uyahudi wao uthibitishwe na walimu wengine.