Je, Mwislamu Achukue Silaha ya Kujikinga?

Mara kwa mara watu wanaoichunguza dini ya Islam, na hata ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya, huuliza: Je, yafaa Mwislamu awe na bastola ya kujikinga na majambazi? Wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa Islam imeruhusu kujihami, yampasa kila Mwislamu kushika silaha. Na wako, hasa waliolelewa katika Ukristo, wanaoona kwamba mtu wa Mungu hana ruhusa hata ya kuinua mkono wake. Fikara zote mbili zi mbali na haki.

Ndugu msomaji, uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana hulindwa. Kwa miaka 13 mjini Makka, Mtukufu Mtume s.a.w. na masahaba wake walipigwa, wakafukuzwa na wengine wakauawa, nao hawakulipiza. Walipohamia Madina mwaka 622 na maadui wakazidi kuwaandama, ndipo ikashuka ruhusa ya kujihami (Kurani Tukufu 22:40), na sababu yake ikatajwa humo humo, kwamba wamedhulumiwa. Pia Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba anayeuawa akiilinda mali yake ni shahidi. Hata Injili, pamoja na fundisho la kugeuza shavu (Mathayo 5:39), yaeleza kwamba Yesu a.s. aliwaambia wanafunzi wake wanunue upanga (Luka 22:36). Basi kujikinga si dhambi.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Kurani Tukufu (42:41) yafundisha kwamba malipo ya ubaya yasizidi ubaya wenyewe, na kwamba mwenye kusamehe kwa nia ya kusuluhisha ana ujira kwa Mungu. Kwa hiyo hatari ikiisha, haki ya kujihami nayo imekwisha. Mwizi aliyekwisha kamatwa na kufungwa kamba hamtishi mtu tena. Kumpiga mpaka afe au kumchoma moto, kama inavyotokea katika mitaa yetu, si kujikinga bali ni kuua. Kadhalika anayempiga risasi mgongoni kijana anayekimbia na kuku, atajibu nini mbele ya Mola wake?

Sasa tuangalie jinsi Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe alivyochukua silaha. Usiku mmoja watu wa Madina walisikia kishindo wakaingiwa na hofu. Walipotoka, walimkuta yeye anarudi, amekwisha tangulia peke yake juu ya farasi asiye na tandiko, upanga umening'inia shingoni, naye akiwatuliza wasiogope. Upanga wake ulikuwa amani kwa majirani. Na mara nyingine safarini alilala chini ya mti, upanga ameutundika tawini. Bedui akauchomoa, akamwuliza ni nani atakayemwokoa. Akajibu bila kutetemeka kwamba ni Allah. Bedui yule akashindwa kumdhuru, na Mtukufu Mtume s.a.w. hakumwadhibu. Hapa twaona wazi kwamba alikuwa na upanga, lakini kimbilio lake halikuwa upanga.

Tena aliagiza kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vichwa vyake, isije ikamjeruhi mtu. Ikiwa mshale ulihitaji hadhari hiyo, bastola yahitaji hadhari gani? Iko chini ya mto, na watoto wanacheza chumbani. Iko kiunoni, na mwenye nayo ametukanwa barabarani. Hasira ya dakika moja, ambayo bila silaha ingekwisha kwa maneno, huacha mjane na yatima. Ndiyo maana Mtukufu Mtume s.a.w. alimsifu kuwa mwenye nguvu yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya zamani. Basi atazame Lahore, nchini Pakistan, tarehe 28 Mei 2010. Siku hiyo ya Ijumaa, wauaji wenye bunduki na mabomu waliingia katika misikiti miwili ya Waahmadiyya wakaua watu zaidi ya 80. Katika msikiti wa Model Town waumini wasio na silaha walimshika mshambuliaji akiwa hai, wakamkabidhi kwa polisi. Walikuwa na mikono na walikuwa na sababu, lakini hawakumwua. Na Hadhrat Khalifatul Masih V aliiongoza Jumuiya katika subira na sala, si katika kisasi.

Kwa hiyo, anayetaka kuchukua silaha na ajiulize: Je, serikali imeniruhusu? Katika Tanzania, sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka leseni, na kutii wenye mamlaka ni amri ya Kurani Tukufu (4:60). Je, pana hatari ya kweli, au ni woga na majivuno? Je, nikikasirika naweza kujizuia? Na je, nikiiacha nyumbani, moyo wangu bado una Mlinzi? Asiyeweza kujibu vema swali la tatu, silaha itamwangamiza yeye kabla ya adui. Na asiyeweza kujibu la nne, hata akiwa na bunduki kumi hatalala usingizi.

Funga mlango wako, shirikiana na majirani katika ulinzi, kisha simama usiku umwombe Yeye asiyesinzia. Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya wadhalimu, na atulinde tusiwe wadhalimu sisi wenyewe. Amin.