Subira na Haki ya Kulalamika

Ni swali la zamani katika dini na falsafa, nalo halijaacha kuwatatiza watu wema: je, mja aliyeamrishwa kusubiri ana ruhusa ya kulalamika? Wako waonao kwamba mcha Mungu hujulikana kwa ukimya wake. Kwamba bustani ya umma ikigeuzwa jaa, au kiwanja cha kuchezea watoto kikizungushiwa ua na mwenye nguvu, au ukumbi wa mtaa ukiachwa uvuje mpaka dari yake ianguke, muumini hana lake ila kusema subira yavuta heri na kwenda zake. Rai hiyo ina sura ya utawa, lakini dini zenyewe haziithibitishi.

Nabii Ayubu, ambaye kwa Waislamu na kwa Wakristo ni kielelezo cha subira, hakuwa bubu. Dua aliyomlilia Mola wake imo katika Kurani, na katika Biblia manung'uniko yake yamejaza sura nyingi za kitabu chenye jina lake, wala hakuhesabiwa kuwa mwasi kwa sababu ya kunena. Khawla binti Thaalaba, alipodhulumiwa na mumewe, alimwendea Mtume, akajadiliana naye na kumshtakia Mwenyezi Mungu shida yake. Na jawabu la mashtaka hayo likateremka kuwa mwanzo wa Sura ya 58, Al-Mujadila. Katika Injili ya Luka umo mfano wa mjane aliyemrudia kadhi asiyemcha Mungu, akamrudia tena na tena, hata akapewa haki yake. Nao ulitolewa ili watu wasikate tamaa, si ili mjane yule alaumiwe. Kwa hiyo subira waliyoifundisha wakubwa hao ni kuustahimili uchovu wa kudai haki, pasipo kuiacha haki wala kuiacha adabu.

Tena iko hoja ambayo aghalabu husahauliwa. Mtu akidhulumiwa kilicho chake mwenyewe anaweza kusamehe, na msamaha wake ni fadhila. Lakini mahali pa mapumziko pa jamii si pake peke yake: ni pa mkongwe aendaye kukaa kivulini jioni, ni pa mtoto ambaye kwao hakuna hata kibaraza cha kuchezea, ni pa vizazi ambavyo havijazaliwa. Haki ya wote haisamehewi na mmoja. Anyamazaye hali ameona amana ya wenziwe ikiharibiwa hakusamehe kitu. Amegawa tu kisichokuwa chake, na ukarimu wa namna hiyo hauna thawabu.

Mfano ulio dhahiri katika nchi zetu ni wa Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Katika mwaka 1989 alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park ya Nairobi, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ambamo hupumzika watu wa mji wasio na bustani majumbani mwao, kulikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 la gazeti la chama tawala. Hakuwa na cheo serikalini wala kiti bungeni. Alikuwa na kalamu. Aliliandikia gazeti lenyewe, akaiandikia Ofisi ya Rais, na tume iliyosimamia mji, na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Na kwa kuwa Robert Maxwell, tajiri wa Uingereza, alikuwa mshirika katika mradi huo, alimwandikia pia balozi wa nchi hiyo, akaulinganisha mradi na kujenga jumba kama hilo ndani ya Hyde Park ya London. Hoja hiyo fupi, isiyo na tusi, ilimtaka msomaji ajiweke mahali pa mlalamikaji.

Wakuu wa nchi hawakumjibu kwa barua. Alijibiwa kwa kebehi bungeni na magazetini. Mahakama ikalitupa shauri lake. Na jumuiya yake ya Green Belt Movement, aliyoiasisi mwaka 1977, ikaamriwa kuihama ofisi ya serikali iliyokuwa ikiitumia. Hata hivyo waliotarajiwa kutoa fedha walijitenga na mradi, na mwanzoni mwa mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushwa bustanini uliondolewa. Jumba lile halikujengwa.

Kwa kuwa malalamiko ya namna hii ni wajibu, yana adabu zake, na adabu hizo ndizo hizo ziyapazo nguvu. Mwandishi wa barua hana budi kueleza aliyoyaona kwa macho yake, mahali na tarehe, na kuyatenga na aliyoyasikia kwa watu; kwa maana neno moja la uongo hubatilisha kumi ya kweli. Na ampelekee mwenye mamlaka ya kutengeneza, si karani wa mlangoni ambaye hana ufunguo wala fungu la fedha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ikiwa mlinzi wa kiwanja hufanya kazi yake vema ila hana vifaa, barua na iseme hivyo, kwani insafu hulainisha moyo wa msomaji kuliko ukali. Kisha aombe jambo moja lijulikanalo, kama kurudishwa kwa taa au kuondolewa kwa takataka, na kutaja siku atakayotazamia jibu. Abaki na nakala. Na siku ile ikipita kimya, aandike tena kwa taadhima ile ile, kama mjane wa Injili.

Juu ya yote hayo iko nia. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, inamruhusu aliyedhulumiwa kuudhihirisha ubaya aliotendewa, ilhali kusema ubaya hadharani kwa sababu nyingine hakupendezi. Ruhusa hiyo ina mpaka: hutolewa kwa ajili ya kuondoa dhuluma, haitolewi kwa ajili ya kumwaibisha mtu. Aandikaye ili afisa afedheheke, hata bustani ikitengenezwa, ametenda mema kwa bahati tu. Na aandikaye ili haki irudi kwa wenyewe, hata asipojibiwa, ametua dhima yake mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu.

Basi wewe usomaye, ukipita penye uwanja wa umma unaoharibiwa, usijifariji kwa jina la subira. Andika kweli, andika kwa adabu, tia sahihi jina lako, na uvumilie hata jawabu lije. Kwani subira ya kungoja jibu ni ibada, na subira ya kuitazama amana ikipotea ni uzembe.