Kicheko cha Mstaafu

Kwa nini wazee hupenda filamu za mapambano na vichekesho ambazo mashujaa wake ni wazee wenzao? Twaweza kujibu upesi kwamba wanatamani nguvu zilizowatoka. Jawabu hilo halitoshi.

Tuitazame filamu ya Kimarekani iitwayo RED, ya mwaka 2010. Ndani yake majasusi wastaafu wanaowindwa wauawe wanashika tena silaha. Mmoja wao aliigizwa na Morgan Freeman, aliyekuwa na umri wa miaka 73. Lakini kabla risasi hazijalia, shujaa Frank Moses anaichana hundi yake ya pensheni, ili apate kisa cha kumpigia simu karani wa malipo na kuzungumza naye. Hapo mzee hucheka, maana amejiona mwenyewe: riziki anayo, wa kusema naye hana.

Wahenga walinena, utu uzima dawa. Lakini dawa isiyoulizwa huharibikia kibuyuni. Ikiwa mzee hasikilizwi mpaka ashike bunduki, aibu si yake, bali ni yetu. Heshima yake na itokane na alijualo, wala isingoje mabavu.