Magari ya Mulhouse

Nimeyaona magari mengi mazuri maishani, lakini sijapata kuona haya kwa furaha ya kipande kipande kama niliyoipata Mulhouse, mji ulioko mashariki mwa Ufaransa. Katika ukumbi mmoja yamepangwa magari ya kale safu kwa safu, mamia kwa mamia, yaking'aa kama yaliyotengenezwa jana. Juu yake zinawaka taa za nguzo zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris. Bugatti peke yake ni zaidi ya mia moja. Nilisimama muda mrefu mbele ya Royale, gari lenye injini ya zaidi ya lita 12 na boneti ndefu kama mtumbwi. Yalitengenezwa sita tu, yakakusudiwa wafalme, wala hakuna mfalme hata mmoja aliyenunua.

Jengo hilo, msomaji, lilikuwa kiwanda cha kusokota nyuzi za sufu. Wenyewe walikuwa ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf. Fritz ndiye aliyeshikwa na mapenzi ya magari. Katika miaka ya 1960 aliyanunua kwa wingi na kwa siri; mwaka 1964 alichukua Bugatti 30 kwa mkupuo mmoja kutoka Marekani. Akawaweka mafundi wayafufue nyuma ya milango iliyofungwa, na jumba akalikusudia liwe kumbukumbu ya mama yake, Jeanne.

Kisha biashara ya nguo ikaanguka. Watu wakaachishwa kazi, migomo ikazuka, nao ndugu wawili wakakimbilia Uswisi. Mwezi Machi 1977 wafanyakazi waliingia kwa nguvu, wakayakuta magari.

Hapo ndipo fikira zangu zinapokwama kila mara. Mtu ameambiwa kwamba fedha hakuna. Amerudi nyumbani kumweleza mkewe hivyo hivyo. Halafu anafungua mlango katika kiwanda alichokitumikia, anaona fedha zenyewe zimesimama juu ya magurudumu, zimepakwa rangi na kupigwa msasa, chini ya taa za Paris. Ningekuwa mimi, sijui mkono wangu ungefanya nini. Wao kwa hasira walichoma gari moja, Austin ndogo. Moja tu. Mengine waliyalinda kwa muda wa miaka miwili hivi, wakawafungulia watu waje kutazama.

Wapo watakaosema waliuheshimu uzuri. Nadhani huko ni kuwapamba. Magari yalikuwa rehani yao, na mwenye akili hachomi rehani. Lakini hata hivyo sioni kwamba hesabu hiyo inawapunguzia heshima. Kwao gari zuri halikufuta deni, wala deni halikulifanya gari kuwa baya. Mimi niliyelipa kiingilio na kupita nikitabasamu sikuwa nimefika hapo.

Haki itendeke kwa Fritz pia: si magari peke yake yaliyokiua kiwanda, kwani nyuzi zilikuwa hazilipi tena sehemu nyingi za Ulaya. Tena aliyapenda kweli. Kuna matajiri wanaonunua ili waonekane, yeye alificha. Ndiyo maana ananitisha kuliko mwenye majivuno. Mwenye majivuno angalau anawahitaji watu wamtazame.

Mwaka 1978 serikali iliyatangaza magari hayo kuwa urithi wa kihistoria, yasije yakauzwa na kutawanyika. Mwaka 1981 yakanunuliwa na chama kilichoundwa kwa kazi hiyo, na mwaka 1982 makumbusho yakafunguliwa rasmi. Kwa hiyo yapo, na yeyote mwenye nauli anaweza kuyaona. Lakini kama Fritz angekuwa mwajiri mwema, akaridhika na gari moja la kumpeleka ofisini, mengi ya magari haya huenda yangeozea mabandani au yangeyeyushwa chuma, nami nisingekuwa na cha kutazama. Je, furaha yangu imo katika kosa lile? Nimejaribu kujibu kwamba jambo limekwisha, wahusika wakuu wamekufa, na kupuuza magari hakumrudishii mtu mshahara wake. Ni kweli yote. Lakini ni maneno yale yale ambayo mtu humwambia mdai aliyekuja amechelewa.

Kabla ya kutoka nilirudi kwenye Royale. Mzee mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake, akimwonyesha tembo mdogo wa fedha aliyesimama juu ya boneti, na mtoto alikuwa akicheka.